Misumari ya Nyeri, Mishale ya Mangola

Nguruwe mwitu hutembea usiku, kwa makundi, na hula kwa kuchimba. Wakulima wa Tetu wanaopakana na msitu wa Nyandarua humjua kwa alama anazoacha: tuta la viazi limefumuliwa, mahindi mabichi yamelazwa, nduma zimeng'olewa kando ya kijito. Giakanja iko chini kidogo ya msitu huo, mwendo mfupi wa matatu kutoka mjini Nyeri, na habari za nguruwe hufika sokoni hapo pamoja na viazi vyenyewe. Mwaka 1989 shirika la Rhino Ark lilianza kuuzungushia msitu uzio wa umeme. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2009, uzio ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Ndovu na nyati wamepungua mashambani. Nguruwe si rahisi hivyo: mvua ikichimba mfereji chini ya waya, yeye humalizia kazi na kupita.

Pamoja na hasara hiyo, mkulima wa Giakanja hawezi kushika upinde akamfuata. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikaza adhabu, hata kwa anayewinda kitoweo tu. Ndiyo maana nilipotaka kuandika juu ya maandalizi ya mawindo ya upinde wa jadi, ilinibidi nipange safari ya kuvuka mpaka, hadi kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wao wanaruhusiwa na serikali yao kuwinda kwa ajili ya chakula, na bado wanaishi kwa kazi hiyo.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumsalimu mzee mmoja wa Giakanja ambaye kila mtu pale humwita Guka. Alinikaribisha jikoni, karibu na moto, kwa kuwa baridi ya Julai huku haina mzaha. Nilimwuliza kuhusu upinde.

"Baba yangu alikuwa na ũta wake, na thiaka ya ngozi yenye mishale," alisema. "Lakini ulikuwa wa vita na wa kulinda mifugo. Nyama ya mwitu sisi hatukula. Hiyo ilikuwa kazi ya Athi."

Athi ni jina ambalo Wakikuyu waliwapa wawindaji wa msituni, watu walioishi kwa asali na nyama kabla mashoka hayajafyeka Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya. Masimulizi ya koo nyingi yanasema kwamba ardhi ilinunuliwa kutoka kwao kwa mbuzi. Mwiko wa nyama ya mwitu ulivunjwa na vita. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walioishi msituni juu ya vijiji hivi walijifunza kutega mitego, kula walichonasa na kuvaa ngozi zake. Dedan Kimathi, kiongozi wao mzaliwa wa Tetu, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui siku aliyopigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, tarehe 21 Oktoba 1956.

Nguruwe naye ana historia yake na Nyeri. Kituo cha serikali ya kikoloni kilichozaa mji huu kilianzishwa mwaka 1902 na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, yuleyule aliyemuua Koitalel arap Samoei wa Wanandi mwaka 1905. Mwaka 1904 Meinertzhagen alipeleka London mabaki ya nguruwe mkubwa mweusi wa misitu ya Kenya ambaye wataalamu wa huko hawakuwa wakimjua. Mmoja wao, Oldfield Thomas, akamweka kwenye orodha ya sayansi kwa jina la Hylochoerus meinertzhageni. Wenyeji walikuwa wamemjua siku zote. Dume lake huweza kupita kilo 200, na hadi leo wageni wanaolala hoteli ya The Ark humwona akija usiku kulamba chumvi. Katika mji huohuo amezikwa Jim Corbett, mwindaji maarufu wa chui na simbamarara wala watu wa India, ambaye miaka yake ya mwisho alishika kamera zaidi ya bunduki.

Maandalizi ya safari kama hii huanza na sheria. Sikubeba upinde. Nchini Tanzania mgeni hawezi kumrushia mnyamapori mshale bila leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ruhusa waliyo nayo Wahadzabe ni yao, haimfuniki rafiki wala mtalii. Nilikwenda kutazama, na mwongozaji wa Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, alinieleza hivyo kwa simu kabla sijakata tiketi: "Kaka, utatembea nyuma, utanyamaza, na hutagusa mshale."

La pili ni ugonjwa. Majirani wengi wa Giakanja hufuga nguruwe, na yeyote anayekwenda kwenye nchi ya ngiri anapaswa kuwafikiria. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1921 na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, aliyechunguza vifo vya nguruwe wa walowezi hapahapa Kenya. Nguruwe mwitu na ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua. Papasi wanaoishi ndani ya mashimo ya ngiri huvihifadhi na kuvipitisha. Nguruwe wa kufugwa akivipata, mara nyingi hufa ndani ya siku chache, na tiba haipo. Mwaka 2018 ugonjwa huo uliingia China na kuangamiza mamilioni ya nguruwe. Basi kanuni ya safari ni moja: usirudi na nyama, ngozi wala pembe ya ngiri, na viatu vioshwe kwa dawa kabla havijakanyaga tena zizi la mtu.

Vitu vya kubeba vilikuwa vichache. Viatu vya soli ngumu kwa ajili ya miiba ya migunga. Nguo za rangi ya udongo, zilizofuliwa kwa maji matupu, kwa sababu nguruwe huona vibaya lakini pua yake hunasa sabuni ya manukato kutoka mbali. Chupa za maji, kofia, tochi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki ilibaki nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Zawadi ndiyo iliyohitaji kufikiriwa. Mwongozaji alinikataza pombe kabisa, kwa kuwa imeumiza kambi nyingi za karibu na barabara. Akapendekeza unga, chumvi, na misumari.

"Misumari ya nini?"

"Ya inchi sita. Hiyo ndiyo mishale."

Nikaingia duka la hadwea mjini Nyeri na kununua misumari, pamoja na mafundi waliokuwa wakinunua ya mapaa.

Safari yenyewe ni ya kushuka, kupanda na kushuka tena. Matatu za 2NK huondoka Nyeri kupitia Karatina, Sagana na Thika, na mashamba ya mananasi hupita dirishani kabla ya Nairobi kukumeza. Kutoka Nairobi barabara hukata mbuga za Kajiado hadi Namanga, ambako maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na mhuri hugongwa dirisha kwa dirisha. Ng'ambo ya pili lugha ni ileile, ila adabu huongezeka. Kijana wa Kenya aliyezoea "Sasa?" hujikuta akijifunza upya kusema "Shikamoo" kwa kila mwenye mvi. Baada ya Arusha gari hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na kufika Karatu, ambako baridi ilinikumbusha nyumbani. Kisha lami inaisha na barabara ya vumbi inateremka hadi Mangola, kwenye joto na mibuyu.

Mangola ni nchi ya vitunguu. Chemchemi zinazotoka chini ya miinuko zimegeuza bonde kavu kuwa mashamba ya kijani, na malori hupakia magunia mchana kutwa. Maji hayo yamewavuta wakulima kutoka pande zote za Tanzania. Wadatoga wafugaji wako huko na ng'ombe wao. Wahadzabe, ambao jumla yao haizidi watu elfu moja na mia chache, wamesukumwa kwenye vilima vya mawe. Katika ofisi ya utalii wa kitamaduni mgeni hulipa ada na kupewa mwongozaji. Bila yeye huendi kambini.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa kwa mhunzi wa Kidatoga. Mawindo ya Mhadzabe huanzia hapo, kwa sababu yeye hafui chuma. Mhunzi aliketi chini, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ikipumua makaa, na kando yake rundo la makufuli mabovu na mabomba ya shaba ambayo huyeyusha kutengeneza bangili. Alipokea misumari yangu, akaupima mmoja kwa kidole, akautia motoni. Ulipoiva aliuweka juu ya fuawe na kuupiga pigo fupi fupi hadi kichwa kikatandazika, kikawa bapa lenye ncha na ndoana mbili zinazotazama nyuma. Wahadzabe hulipa chembe hizo kwa asali, nyama au fedha. Jamii hizi mbili zimepigania malisho na maji kwa vizazi, na bado moja haiwindi bila nyundo ya nyingine.

Kambi ilikuwa chini ya mwamba, vibanda vichache vya nyasi na moto wa wanaume ulio mbali kidogo na wa wanawake. Mwongozaji alisalimu, "Mtana," nasi tukafuata. Mwanamume wa makamo alikuwa akitengeneza upinde mpya, na alikubali nikae karibu.

Upinde wa Kihadzabe ni mti mmoja, mviringo, mrefu karibu sawa na mwenyewe. Alikuwa ameukata ukiwa mbichi, akaumenya ganda, na sasa aliupitisha juu ya moto na kuukunja kwa goti, akitazama mkunjo kwa jicho moja. Sehemu iliyokaidi aliichonga kwa kisu, akarudi motoni. Upote ni mshipa wa mnyama mkubwa uliosokotwa ukiwa na unyevu na kuachwa ukauke. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyeishi na Wahadzabe kwa vipindi vingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2010, alipima pinde zao na kukuta kwamba kuvuta mmoja ni sawa na kuinua kilo 30 hivi, na nyingine huzidi. Mwenye upinde aliponiruhusu kuvuta ule wake wa zamani, mkono wangu uliishia katikati ya kifua. Mvulana wa hapo, aliyekuwa na upinde mdogo tangu alipojua kutembea, aliuvuta wake hadi shavuni.

Mishale huchukua muda mrefu zaidi. Kijiti cha mkole humenywa, hupashwa moto, kisha hunyooshwa kwa meno, inchi kwa inchi, jicho likifuata mstari. Manyoya ya kanga au ya tai hufungwa nyuma kwa uzi wa mshipa. Podo moja hubeba aina tatu. Ya kwanza ina ncha ya mti iliyochongwa, ya ndege na pimbi. Ya pili ina bapa la chuma lisilo na sumu, la wanyama wa wastani. Ya tatu ni ya ndoana na sumu, ambayo chembe yake hubaki mwilini hata kijiti kikidondoka. Hiyo ndiyo ya ngiri na nguruwe mwitu, na ya wakubwa zaidi yao. Sehemu yenye sumu hufungwa kwa ukanda laini wa ngozi, ili ibaki mbichi na isimchubue anayeibeba.

Sumu hutoka kwenye mimea miwili, waridi la jangwani na Strophanthus, na kila mwenye kuipika hujitenga na watoto. Kazi yake ni kusimamisha moyo. Ulaya ilijifunza hayo kwa ajali: John Kirk, daktari wa msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale, akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika alipopiga mswaki. Kirk baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, na kutoka kwenye mmea ule Thomas Fraser wa Edinburgh alitoa dawa ya moyo. Huku kwetu Kenya, Wakamba, Wagiriama na Waata walitumia msunguti, mti ambao sumu yake nayo iliwahi kuingia hospitalini kwa kazi hiyohiyo.

Uwindaji huu ni tofauti na ushabiki wa upinde wa kwingineko. Mwaka 1925 Wamarekani Saxton Pope na Arthur Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa pinde. Pope alikuwa amefundishwa na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi wa California, na maandishi yake yaliwasha upya mapenzi ya upinde nchini kwake. Leo maelfu ya Wamarekani hujiandaa kila mwaka kumfuata nguruwe kwa upinde wa mti. Lakini nguruwe wa kwao ni mgeni, mzao wa wale walioletwa na Wahispania katika karne ya 16, na serikali za majimbo zinataka apunguzwe. Nguruwe wa Eyasi na wa Nyandarua ni mwenyeji. Kumwinda huku kunahitaji hoja nzito zaidi ya burudani, na Wahadzabe wanayo: ni chakula cha watoto wao.

Usiku wa kabla ya mawindo hawakufanya makuu. Wanaume walikagua ncha, wakabadilisha unyoya uliopasuka, wakavuta tumbaku na kubishana kwa Kihadzabe chenye sauti za kugonga ulimi. Mmoja alirusha majivu kidogo hewani kutazama upepo. Mwongozaji alinitafsiria walilokuwa wakizungumza: kundi la ngiri lilikuwa limeonekana likinywa kwenye bwawa lililobaki, na swali lilikuwa kama waende alfajiri na mbwa au wavizie usiku mwezi ukizama.

Wakaenda alfajiri. Walivaa akala za tairi na kubeba upinde, mishale na kisu tu, hata maji hawakuchukua, wakijua mizizi na madimbwi. Mwendo wao ni wa haraka na hauna kelele. Mara mlembe, ndege anayeonyesha asali, alisikika, wakajibizana naye kwa mluzi, kisha wakamwacha kwa kuwa siku hiyo hawakutaka asali. Kwenye shimo la ngiri walisimama mbali, wakanionyesha udongo uliochimbuliwa karibuni. Mbwa wakabweka, ngiri watatu wakatoka mikia juu, mshale mmoja ukaruka na kupita juu ya mgongo. Upepo ulikuwa umegeuka. Hakuna aliyelaumiwa. Tulirudi na pimbi wawili na digidigi, wakachomwa kwenye moto wa majani na kugawanywa kwa wote.

Utafiti wa mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, uliofanyika katika miaka ya 1980, ulikadiria kwamba mwindaji mmoja wa Kihadzabe hupata mnyama mkubwa takriban mara moja katika siku 30 za mawindo. Sehemu kubwa ya chakula hutoka kwa wanawake wachimbao mizizi na kuchuma matunda, na kwa asali. Aliyekaa karibu na moto ule na kuona kazi inayoingia katika mshale mmoja hawezi tena kuita uwindaji huo mchezo.

Kinachoufanya uwezekane ni ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, kusini mwa Mangola, walipata hatimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, na sasa hulipwa kwa kuhifadhi miti yao kupitia mradi wa hewa ukaa. Upande wa Mangola, kila shamba jipya la vitunguu hula njia ya mnyama. Wazee niliozungumza nao hawakuomba msaada wa chakula. Waliomba mpaka uheshimiwe.

Tetu haiwezi kurudisha uwindaji, wala haipaswi. Msitu wa Nyandarua ni chanzo cha maji ya mamilioni, na Wangari Maathai, binti wa Ihithe, alitumia maisha yake kutukumbusha hilo. Ila ufundi wa upinde hauhitaji damu. Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa mrusha mishale, na vijana wa Nyeri hawajapewa nafasi ya kumfuata. Shule za Giakanja zina viwanja. Wazee wanaokumbuka jinsi ũta ulivyochongwa wangali hai, na wengi wao wangefurahi kuombwa. Walimu wa michezo wakae nao msimu huu, wachague mti ulio halali kukatwa, waweke shabaha ya magunia ya nyasi, na wawaruhusu wasichana na wavulana kupasha kijiti moto, kukinyoosha na kuvuta upote wenyewe. Kuhusu nguruwe wa shambani, kaunti na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wanajua mahali waya wa chini ulipolegea, na mkulima aliyepoteza viazi vyake anastahili waje kuukaza kabla ya msimu ujao wa kupanda.